Klabu ya vitabu ya watoto na vijana: namna ya kuianzisha kwa sanduku moja la vitabu

Klabu nyingi za vitabu za watoto hufa kwa kugeuka tuisheni. Mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi anakalishwa tena mbele ya mtu mzima, anasoma kwa zamu, anasahihishwa kila neno, kisha anajibu maswali kumi. Wiki ya tatu haonekani. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inalinda jambo moja: mtoto apate walau saa moja kwa wiki ambayo kitabu hakimdai alama.

Mifano ni ya shule ya msingi ya serikali Tanzania na mtaa unaoizunguka. Aliye Kenya au kwingine atabadilisha majina ya ofisi na kalenda ya mitihani. Mengine hayatofautiani sana.

Anza na kundi moja dogo

Chukua watoto wa darasa la tatu hadi la tano, wasizidi 20. Wengi wao wameshavuka silabi, bado wanapenda kuhadithiwa, na mtihani wa darasa la saba uko mbali. Usichanganye watoto wa miaka minane na vijana wa kidato cha pili. Kijana ataona mambo ya kitoto aondoke, na mdogo atanyamaza kwa sababu kuna wakubwa. Vijana wana utaratibu wao, nao umeelezwa mbele.

Mwalimu akiachiwa achague peke yake, mara nyingi atakuletea wanaoongoza darasani. Mwombe mchanganyiko: theluthi wanaosoma vizuri, theluthi wa kati, theluthi wanaosuasua, wasichana na wavulana kwa idadi inayokaribiana. Wakijitokeza 50, andika orodha ya wanaosubiri. Kundi la pili lianze baada ya miezi miwili, pale la kwanza litakapokuwa limeshika utaratibu. Klabu ya watoto 50 na mtu mzima mmoja ni darasa jingine tu.

Ruhusa na usalama

Shuleni, anza na mwalimu mkuu, na kama wasimamizi wanatoka nje ya shule, afisa elimu kata naye ajue. Mtaani, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Kila mzazi apewe barua ya nusu ukurasa yenye siku, saa, mahali, majina na simu za wasimamizi, maelezo kwamba hakuna malipo na kwamba mtoto ataazima vitabu vya kwenda navyo nyumbani, na swali la kama anaridhia mtoto apigwe picha. Asaini. Asiyejua kusoma asomewe barua ana kwa ana. Huyo akikubali huwa mtetezi mkubwa wa klabu.

Wasimamizi wawe wawili kila kipindi, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, hata kwa dakika tano za kumsubiri mzazi. Kipindi kiishe mapema kiasi kwamba mtoto wa mbali kuliko wote afike nyumbani kabla ya magharibi.

Kuhusu siku, usikisie. Waulize watoto wana madrasa siku zipi na kipaimara au mafundisho ya kanisani siku zipi, na waulize wasichana wanamaliza saa ngapi kuteka maji na kuosha vyombo. Jumamosi saa nne asubuhi inafaa sehemu nyingi za mjini. Ukishaichagua saa hiyo, usiihamishe. Wazazi hupanga kazi za nyumbani kwa kuizunguka klabu, nawe ukihamisha mara mbili utapoteza hasa wale wenye kazi nyingi.

Vitabu 40 vya kuanzia

Hesabu vitabu viwili tofauti kwa kila mtoto, ili hata wote wakiazima siku moja pabaki vya kuchagulia. Kati ya hivyo 40, kama 15 viwe vya picha kubwa na sentensi moja au mbili kwa ukurasa, 15 vya picha na aya fupi, na 10 virefu zaidi. Usikubali kuletewa nakala 40 za kitabu kimoja. Ziada inayofaa ni nakala tano za kitabu kimoja kifupi, kwa ajili ya kusoma wawili wawili.

Vipatikane wapi? Kwanza, wachapishaji. Mkuki na Nyota na E&D Vision wapo Dar es Salaam; Kenya kuna Longhorn na East African Educational Publishers. Nenda na orodha ya ngazi unazotaka, uulize bei ya jumla. Pili, maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hata kama huwezi kuazima kwa niaba ya kundi, panga walau ziara moja kwa muhula. Kenya nako huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996, kwa hiyo usiogope kuomba kitabu kikufuate ulipo. Tatu, hadithi za mtandaoni zenye leseni huria: African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote mbili zina hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, na leseni zake zinaruhusu kuchapa na kugawa mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Isome hadithi yote kabla ya kuichapa, maana nyingine zimetafsiriwa haraka na Kiswahili chake kinakwaruza.

Mambo mawili ya kuangalia. Maboksi ya vitabu vya Kiingereza vya msaada kutoka ng'ambo huleta picha nzuri, lakini mengi yaliyomo yamepita kiwango cha mtoto anayesoma kwa Kiswahili. Chambua, vingine vipeleke sekondari, na usijaze sanduku ili lionekane limejaa. Pili, usitoe kopi riwaya nzima ya mwandishi aliye hai ili kubana fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu hivyo, na waandishi wa watoto wa Kiswahili tayari wanapata kidogo mno.

Kutengeneza vijitabu steshenari

Kijitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi nne za A4, zilizochapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Vijitabu 40 vinakula karatasi 160, yaani kama theluthi ya rimu, pamoja na manila 40 za jalada. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Hadithi ikiwa na kurasa 14, ongeza mbili tupu mwishoni, zinafaa kuchorea.

Kwenye programu ya kusomea PDF chagua uchapaji wa kijitabu, na karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukiacha igeuzwe kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Chapa kimoja kwanza, kikunje, ukipekue chote ndipo uagize vingine. Kwa rangi nyeusi tupu, chagua hadithi zenye michoro ya mistari iliyo wazi, kwani picha za kupigwa na kamera hutoka giza.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Tafuta ya mkono mrefu, au shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, sentimita 5, 10.5 na 16 kutoka juu. Ingiza sindano kutokea ndani kwenye tundu la kati, irudishe ndani kwa tundu la juu, pita ndani hadi tundu la chini, toka, kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi mrefu uliolala ndani. Uzi wa nailoni unadumu kuliko wa pamba. Watoto wa darasa la tano wanaweza kushona wenyewe, na kitabu alichokishona mtoto kwa mkono wake hakitupwi hovyo.

Kujua mtoto anasoma kwa kiwango gani

Hapa ndipo wengi hupotea. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuelewa kitu. Ukisikiliza sauti tu, utampa kitabu kizito naye atakibeba kwa heshima, hatakimaliza. Ile kanuni ya kuhesabu kwa vidole maneno yanayomshinda mtoto, matano yakifika kitabu kiachwe, haitoshi kwetu: anaweza asishindwe hata neno moja, na bado hadithi ikampita.

Fanya hivi, faragha, kwa dakika tatu. Mpe ukurasa wa maneno 30 hadi 40, asome. Kisha funga kitabu umwambie, "Nisimulie." Akisimulia kwa maneno yake, hata kwa lugha ya nyumbani kwao, kitabu kinamfaa. Akirudia maneno mawili matatu ya mwisho, shusha ngazi moja. Ngazi ambazo mpango wa Uwezo umekuwa ukizitumia kupima usomaji wa watoto Kenya, Tanzania na Uganda, yaani silabi, neno, aya na hadithi, zinakutosha kuwapanga. Usiandike ngazi kwenye jalada la kitabu kwa namna ambayo mtoto mwingine ataitumia kumcheka mwenzake. Nukta ndogo ya rangi ndani ya jalada inatosha.

Angalia pia urefu wa maneno. "Hawakutuambia" ni neno moja, lakini lina silabi saba, na mtoto anayeanza akifika mwisho amesahau mwanzo. Kitabu chenye sentensi fupi kinaweza kuwa kigumu kwa sababu hiyo. Akikwama, subiri, hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kisha mkatie vipande: hawa, kutu, ambia. Usimtamkie lote mara moja.

Kipindi cha saa moja

Dakika 5 za mwanzo ni za kurudisha vitabu na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" huleta utulivu upesi kuliko kupiga meza. Kisha dakika 15 za kusomewa kwa sauti, 10 za mazungumzo, 15 za kusoma wenyewe, 10 za kuchora au kuigiza, na 5 za kuazima. Wakati ukibana, punguza kuchora. Kusomewa kusiguswe.

Kusoma kwa sauti kunataka maandalizi. Soma hadithi mara mbili nyumbani, mara moja kwa sauti, na weka alama ya penseli kwenye sehemu mbili za kusimama. Kaeni nusu duara, mtoto wa mwisho asizidi mita mbili kutoka kwako. Mwanga wa dirisha uangukie kitabu na watoto walipe dirisha mgongo. Ukikaa wewe na dirisha nyuma yako, wataona kivuli badala ya picha. Anza na "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!" Onyesha picha kwanza, ipitishe polepole toka kushoto hadi kulia, ndipo usome. Eleza mapema maneno magumu yasiyozidi matatu, mengine yaache yajieleze ndani ya hadithi. Ukisimama kila sentensi kufafanua, hadithi inakatika na watoto wanaanza kuchezea viatu.

Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kwa hadithi ndefu, katisha pale mhusika ameshika kitasa cha mlango, ufunge kitabu hadi wiki ijayo. Watalalamika, na watakuja.

Mazungumzo yasianze na "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wetu wameulizwa swali hilo mara nyingi hadi wana majibu tayari: tuwatii wazazi, tusiwe na tamaa. Watayatoa hata kabla hujamaliza kusoma, na hapo hakuna aliyefikiri. Uliza: Ni wapi ulitamani umzuie? Nani alikuwa anadanganya, ulijuaje? Ungekuwa yule dada, ungefungua mlango? Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinamchosha msimamizi kuliko kinavyomchosha mtoto. Wakibishana wao kwa wao, umefanikiwa, usiamue nani mshindi. Nako ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, waruhusu wajadiliane kwa Kisukuma au Kimaasai. Mawazo yakishapatikana, Kiswahili kitayafuata.

Kusoma wenyewe kuanze na dakika tano wiki ya kwanza, ongeza mbili kila wiki hadi 15. Watakaosoma kwa kunong'ona waache. Kimya kamili kinakuja chenyewe. Kwenye kusoma wawili wawili, usimpange anayesoma vizuri kuliko wote na anayesuasua kuliko wote, kwa sababu wa kwanza atanyakua kitabu na wa pili atakuwa mtazamaji. Mpange hodari na wa kati, wa kati na wa chini. Nawe msimamizi, wakati huo soma kitabu chako mwenyewe. Ukishika simu, wataiga simu.

Kuazima na kutunza

Azimisha kuanzia wiki ya tatu, watoto wakishazoea mahali pa kila kitu. Kila kitabu kipewe namba. Chukua kauntabuku, chora safu tano: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi, hali yake. Muda ni siku saba. Watoto wawili wawe watunza vitabu, wabadilishwe kila mwezi, wao ndio waandike. Zingatia kuchagua pia anayesuasua kusoma: kuandika majina na namba kila wiki ni mazoezi asiyoyatambua.

Kitabu kikipotea, usidai fidia. Mzazi akidaiwa mara moja, nyumba nzima hukatazwa kuazima, na majirani husikia. Weka kwenye bajeti kwamba vitabu kama vinne kati ya 40 vitabadilishwa kila mwaka. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa na kaka, dada na bibi kimefanya kazi yake. Kibandike kwa soletepu kirudi sandukuni. Kabati lililofungwa lenye vitabu visivyo na mkunjo ndilo hasara yenyewe.

Jaladini kila kitabu kwa nailoni kabla hakijatoka. Sanduku la bati ni bora kuliko la mbao. Liweke juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu ya mchwa, na ulikague kila wiki. Pwani adui ni unyevu: mara moja kwa mwezi toa vitabu, vifungue visimame kivulini penye upepo. Juani vitapinda.

Vijana wa sekondari

Kijana haji kusomewa wala kuchorea. Anakuja kubishana, na anakuja kwa sababu wenzake wapo. Kundi la 8 hadi 12 linatosha, wakutane kila wiki mbili kwa dakika 90. Wachague mwenyekiti, katibu na mtunza vitabu. Mtu mzima awe pembeni.

Kitabu wachague wao. Leta vitatu, soma kurasa mbili za mwanzo za kila kimoja kwa sauti, wapige kura ya siri. Kikishinda ambacho wewe hukupenda, kisome nao. Riwaya ya kurasa 120 igawanywe mara nne, kurasa 30 kila mkutano, maana yake miezi miwili kamili. Nakala zikiwa pungufu, wawili wawili washirikiane kwa ratiba iliyoandikwa: huyu Jumatatu hadi Alhamisi, yule Ijumaa hadi Jumapili. Bila kuandika, mmoja atakaa nacho wiki nzima.

Vitabu teule vya mtihani viacheni darasani. Vikiingia, mjadala utahamia kwenye dhamira, wahusika na mandhari, na klabu itakuwa imerudi tuisheni. Ruhusu mapenzi, fedha, michezo, upelelezi, katuni. Kijana anayesoma hadithi za mpira kila wiki ni msomaji, na ladha yake itapanuka akiwa bado anasoma.

Kidato cha kwanza kina shida yake. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anakutana na masomo ya Kiingereza, na vitabu vyote vinakuwa vigumu ghafla. Usimlazimishe aache Kiswahili "ili azoee." Mpe riwaya ya Kiswahili ya umri wake, na sambamba nayo kitabu chepesi cha Kiingereza kilicho ngazi mbili chini ya anachokisoma darasani, akisome kwa kasi bila kamusi.

Kila mkutano, mmoja anafungua kwa ukurasa aliouchagua na kusema kwa nini. Kisha kila mtu anauliza swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Kikundi cha WhatsApp kinafaa kukumbushana tarehe na kutupiana nukuu, lakini wengi hawana simu zao, hivyo tangazo lolote la muhimu libandikwe pia ubaoni shuleni.

Pale mahudhurio yanapopungua

Karibu na wiki ya sita hamu ya mwanzo huisha. Usilete zawadi za fedha wala soda kwa aliyesoma vitabu vingi. Mashindano ya idadi huzaa watoto wanaopekua kurasa na kusema wamemaliza. Nenda badala yake kwa wazazi wa watatu waliotoweka. Sababu mara nyingi ni kazi ya nyumbani, viatu, au mtoto aliyechekwa aliposoma. Hiyo ya tatu ni juu yako: kuanzia hapo hakuna anayesoma mbele ya wote bila kujitolea. Kisha wapeni kitu cha kuandaa, mathalani kuigiza hadithi moja mbele ya wazazi Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, au Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. Wiki nne za maandalizi zinatosha.

Kalenda ya mitihani iheshimuni. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, darasa la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Miezi hiyo fupisha kipindi kiwe dakika 40 za kusomewa na kuazima tu, bila kukifunga, kwa kuwa klabu iliyofungwa miezi miwili huanza upya kabisa.

Mwisho wa Novemba hesabuni vitabu vyote na watunza vitabu, namba kwa namba. Angalieni kwenye kauntabuku ni vipi vilivyoazimwa zaidi ya mara tano na ni vipi ambavyo havikuguswa. Vya kwanza nunueni nakala ya pili. Vya pili viondoeni sandukuni, mvibadilishane na klabu nyingine. Waacheni watoto waende likizo na vitabu viwili viwili badala ya kimoja. Januari wa zamani wapewe nafasi hadi wiki ya pili, kisha zilizobaki zijazwe kutoka kwenye orodha ya wanaosubiri.